Tuliipamba nyumba ya mama Mkuyuni ili iuzike, wateja wakaanza kuikimbia

Wakuu, kuna mteja ameikimbia nyumba ya mama yangu kwa sababu ilikuwa inanukia vizuri.

Sisemi kwa mafumbo. Alivaa viatu pale kibarazani, kimoja hakukifunga hata kamba, akaanza kushuka mlima.

Nawasalimu wote mliomo humu. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu nikiwa nimeshika trei ya soda. Chumvi siongezi, yenyewe ilishakolea.

Nyumba iko Mkuyuni, juu kabisa. Kwa msioijua Mwanza, vilima vyetu ni mawe matupu na watu tumejenga katikati ya hayo mawe. Ukikaa kibarazani kwa mama unaliona ziwa lote limelala mbele yako.

Shida ni kufika hapo kibarazani.

Gari halipandi. Ni ngazi za mawe mwanzo mwisho, na magoti ya mama yamegoma. Mara ya mwisho kwenda kliniki alishushwa na vijana wawili, mmoja huku mmoja kule, kama sanamu kwenye maandamano ya kanisani. Alicheka njia nzima, lakini alipofika chini nilimwona anajifuta machozi.

Kwa hiyo tukakubaliana tuuze, tumhamishie Kisesa kwenye tambarare. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Kanyumba ka huko tulishakapata, na mwenye nako akasema anatusubiri hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anampa mtu mwingine.

Hapo ndipo akaingia dada yangu Leticia, kutoka Dar.

Leticia anaangalia sana video za watu wa nje wanavyouza nyumba. Akatuambia nyumba haiuzwi hivi hivi, inapambwa kwanza. Mteja akiingia ajione yeye anaishi humo, asiwaone ninyi.

Sikatai, wazo lina akili. Subirini tu.

Zikashuka picha za ukoo. Ikashuka kalenda ya parokia. Vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama huvitandika kwenye makochi vikakunjwa vyote. Makochi yenyewe yakatolewa, tukaazima seti ya kijivu kwa fundi mmoja wa Nyakato, ikapanda mlima vichwani mwa vijana huku mtaa mzima umetoka kuangalia.

Pazia nyeupe. Bakuli la matunda ya plastiki. Mshumaa wa vanila mezani.

Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa ambalo hata babu alilikuta. Leticia akalivalisha zulia la majani bandia.

Kuku wakahamishiwa kwa jirani yetu, Mama Kabula. Halafu mama naye akahamishwa.

Ndiyo, wakuu. Kila mteja akitajwa, mama anapelekwa kwa Mama Kabula kukaa na kuku wake hadi mteja aondoke.

"Leti," mama akauliza siku ya kwanza, "na mimi nachafua sebule?"

"Hapana mama, ni utaalamu tu."

"Haya. Utaalamu ukiisha mnifuate."

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mfanyabiashara kutoka Geita. Aliletwa na dalali wetu, Bujiku, kijana mwenye maneno ya kumwuzia samaki ziwa. Mzee akaingia, akasimama katikati ya sebule, akavuta pumzi.

"Mnafukiza nini humu?"

"Ni mshumaa wa vanila, mzee," Leticia akajibu kwa tabasamu.

"Vanila ya kufukuzia nini?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaangalia pazia nyeupe. Akaangalia kuta zisizo na picha hata moja.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko kwa jirani."

"Halali humu?"

"Analala, mzee."

"Mbona hakuna hata kanga ya mtu?" Akamgeukia Bujiku. "Kijana, watu hawa wameshahama mioyo. Kuna kitu wamekitoa humu, au wameshindwa kukitoa."

Kisha viatu. Kisha mlima.

Wateja wa pili walikuwa mume na mke vijana. Hao waliipenda, wakapiga na picha. Lakini mnajua mnunuzi wa kwetu hafanyi uamuzi sebuleni, anaufanyia dukani. Waliposhuka wakanunua maji kwa Mangi pale chini, wakauliza habari za ile nyumba ya juu.

Mangi, ambaye hana ubaya na mtu, akawajibu, "Kwa kweli sijui. Naona wanatoa vitu tu. Hata kuku wamewaondoa."

Hata kuku!

Simu yao haikupokelewa tena.

Bujiku akaja jioni amenuna. "Shikamoo mama. Dada Leti, mimi naomba niseme. Huku kwetu nyumba ikiwa nzuri hivi na inauzwa, watu wanaiogopa. Kila mtu anataka kujua kwanza mnakimbia nini. Mrudisheni mama ndani!"

"Marahaba," mama akajibu kutokea kwa Mama Kabula, juu ya ukuta. "Na kuku?"

"Na kuku, mama."

Tukaanza kurudisha. Leticia alinuna siku nzima, akasalimisha kila kitu isipokuwa pazia.

Kabla hatujamaliza, wa tatu akafika bila taarifa. Muuguzi wa Sengerema, amepata uhamisho wa kuja mjini. Alimkuta mama nyuma ya nyumba, amelivua jiwe zulia lake na kulianikia michembe. Wasiojua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akiba yetu Wasukuma.

Mama akamsogezea kigoda. Mimi na Leticia tukasimama mlangoni kama walinzi.

Mama akaanza kuiuza nyumba yake.

"Koridoni panavuja mvua ikija na upepo wa ziwani. Weka beseni, asubuhi unamwaga. Maji ya bomba yanakuja yakijisikia. Jiwe hili halitoki, usije ukadanganywa na fundi. Mama Kabula hapo anaimba vibaya sana, tena kwa sauti."

"Nakusikia!" Mama Kabula akaitikia ng'ambo ya ukuta.

"Lakini ukiumwa anafika kabla hujamwita."

Leticia akaninong'oneza, "Ametumaliza."

Yule dada muuguzi akachukua mchembe mmoja, akautafuna taratibu.

"Sasa mama, kwa nini unauza?"

Mama akavuta kitenge, akamwonyesha magoti yake.

Muuguzi akayashika yale magoti kama yuko kazini, akayabonyeza, akatikisa kichwa. Kabla ya kuondoka alituambia anaitaka nyumba, ila pazia zile nyeupe zibaki.

Mngemwona Leticia! Utadhani ameuza yeye.

Nilichojifunza, wakuu: pambeni, safisheni, pakeni rangi, hakuna dhambi. Ila msimfiche mwenye nyumba. Mnunuzi wa kwetu anataka kujua nani anatoka, na anatoka kwa sababu gani. Akikosa jibu anatunga lake, na litakuwa baya kuliko ukweli wenu wote.

Waliowahi kuuza nyumba ya mzazi mzazi akiwa hai, naombeni maoni yenu hapa chini. Nayahitaji kuliko mnavyodhani.

Maana Jumamosi muuguzi anakuja na mumewe, tukaandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kisesa wameshadeki sakafu, wanatusubiri.

Na jana nimefika kwa mama nikakuta amenunua gunia zima la mkaa, amelipia na vijana wa kulipandisha hadi juu, limesimamishwa jikoni.

Nikamwuliza, mama, gunia lote hili la nini, na wiki ijayo tunahama?

Akaendelea kuchambua mchele.

"Mkaa hauozi, mwanangu."