Tulipocheza Nyumba ya Kengele

Mwezi uliopita niliumaliza mchezo wa kompyuta ambao utotoni sikuwahi kuufikisha mwisho. Siku hizi unauzwa kwa ajili ya simu. Nilikuwa nimejilaza sebuleni, mume wangu yuko jikoni, na ule mlango wa chuma ulipolia kwenye simu nikajikuta nimefunika kichwa kwa mikono yote miwili. Mume wangu akachungulia, akauliza nimeona nini. Nikamwambia ni mchezo tu. Wewe nitakueleza vizuri zaidi.

Nyuma ya mlango wa mwisho, kama unataka kujua, kuna bustani na kiti kitupu. Basi.

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu, alikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Kayanga, karibu na stendi. Likizo ya mwezi wa sita mimi na dada tulitoka kwa bibi, kijijini Chonyonyo, vidole vikiwa bado vyeusi kwa kuchuma kahawa, tukaenda kumsaidia. Tulifagia vumbi jekundu ambalo halikuisha, tukabana karatasi, tukapika ndizi na maharage kwenye jiko la mkaa nyuma ya duka. Hadi leo harufu ya wino wa mashine iliyopata moto hunitamanisha ndizi.

Mchana wateja wakipungua, mama mdogo alifungua mchezo. CD yake aliachiwa na mwalimu wa sekondari aliyekuwa akija kuchapisha mitihani. Mchezo ulikuwa na jina la Kiingereza. Sisi tuliuita Nyumba ya Kengele. Tulibanana watatu mbele ya kompyuta yenye kichogo kikubwa, tukaingia. Humo hukujiona, ni kama macho yako mwenyewe yanatembea kwenye korido, yanapanda ngazi, yanasimama kwenye ukumbi wenye utando wa buibui. Kila mlango ulifungwa kwa fumbo: mabomba ya kuunganisha, magurudumu ya kuzungusha, kengele za kugonga kwa mpangilio. Hapakuwa na bunduki wala mtu wa kukufukuza. Ukikosea, mlango ulikaa kimya, ukakusubiri.

Dada alikuwa na pupa, alibonyeza kila kitu. Mama mdogo alimshika mkono. "Mlango hauogopi hasira," alimwambia. "Angalia kwanza."

Alisema hivyo taratibu, kwa mdomo uliovimba upande mmoja.

Mumewe, baba mdogo wetu, alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Alizunguka kwa wafugaji kwenye mbuga za Kyerwa, na alipokuwa akirudi tulianza kusikia pikipiki, kisha tukasikia harufu ya gongo. Alimpiga mkewe kwa fimbo ile ile aliyoswagia ng'ombe. Alimpiga kwa sababu chai imepoa, au kwa sababu amemchekea mteja. Siku moja alimburuta kwa nywele hadi barazani, watu wakipita na matenga yao ya nyanya, akamkanyaga tumboni. Ukubwani ndipo tulipoambiwa kwamba siku ile mimba iliharibika. Kesho yake mama mdogo alifungua duka kama kawaida, akakaa kwenye kiti kwa kuegemea upande.

Kwenye baraza lile lile alikuwepo jirani, mama fundi cherehani. Pikipiki ikisimama tu, aliongeza sauti ya redio.

Siku tuliyocheza kwa mara ya mwisho, tulikuwa tumefika mlango wa mwisho. Ulitaka kengele zigongwe kwa kufuata wimbo uliosikika ghorofani, na dada, aliyeimba kwaya ya watoto kanisani, alikuwa ameushika. Aliimba kwa sauti ya chini, mama mdogo akabonyeza. Mlango wa chuma ukaanza kulia, unafunguka. Kwa sababu ya mlio ule hatukusikia pikipiki.

"CD hii umepewa na nani?" Baba mdogo alikuwa ameshasimama nyuma yetu.

"Ni ya mteja," mama mdogo alijibu.

"Mteja ana jina."

Hakusubiri jina. Fimbo ilitua kwenye kioo cha kompyuta, vipande vikaturukia, halafu ikatua kwenye mkono wa mama mdogo, na nikasikia mfupa. Sauti yake ni kavu, kama ubua wa mtama. Dada alimrukia baba mdogo, akamng'ata pajani. Akatupwa ukutani kama gunia. Mama mdogo alikuwa chini, juu ya vioo, na mumewe anaendelea kumpiga kichwani, mgongoni. Nilikimbilia kwa fundi. Redio ilikuwa imeshapanda. Nilikuwa na damu ya mtu mwingine usoni.

Yule mama aliinuka, akachukua pasi yake ya mkaa, akaingia nayo, akaikandamiza kwenye mgongo wa baba mdogo kama anayenyoosha suruali. Shati liliungua kwanza. Alipogeuka huku anapiga mayowe, akampiga nayo tena, ya shavu, makaa yakamwagika sakafuni. Baba mdogo akatoka nje kwa kutambaa.

"Nimeichoka redio," fundi alisema, akaketi sakafuni.

Ukoo wa mume ulikuja Chonyonyo na mbuzi na dumu la rubisi, pombe ya ndizi, kuomba mke arudi. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kulainika. Bibi alilibeba lile dumu hadi uani, akalimwaga lote mbele yao. "Huyu amekuja na mkono mmoja," alisema. "Mwingine simpelekei mumewe." Kikao kikaisha, na mama mdogo hakurudi kwa mumewe tena.

Baraza lile limevunjwa kupisha barabara. Fundi amefariki, bibi naye, na mwalimu alihamishwa hata hatukumuaga. Hakuna mahali Kayanga unapoweza kusimama ukasema, ni hapa.

Mwaka jana nilikwenda harusi huko. Baba mdogo alikaa viti vya mbele, mzee mwenye koti safi, na watu walikuwa wanamfuata mmoja mmoja kumwamkia. Ikafika zamu yangu, nikampa mkono.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la mama mdogo, nikasema ni mama yangu. Akatikisa kichwa polepole, kama aliyeulizwa njia ya kijiji asichokijua. Sikuuachia mkono wake.

"Yupo Kyerwa," nikamwambia. "Ni mzima."

Ndipo alipouvuta.