Nani Akae Upande wa Gavana

Mtaani kwetu Manzese mimi naitwa Mwarabu. Nina jina langu zuri nililopewa na wazazi, lakini sidhani kama hata mwenyekiti wa mtaa analijua. "Mwarabu, nipimie sukari." "Mwarabu, mbona leo umechelewa kufungua?" Naitika bila kinyongo, maana wanaoniita hivyo ndio haohao waliobeba jeneza la baba yangu, tena kwa kugombania nafasi. Duka lenyewe alilianzisha babu wakati huku kote ni minazi na mihogo. Sasa mabasi ya mwendokasi yanapita hatua chache kutoka kwenye mizani yangu, na vumbi lao nalipangusa kila asubuhi huku nikilalamika. Kulalamika ni kazi yangu ya pili, na mke wangu husema ndiyo ninayoiweza zaidi.

Lipo neno moja tu ambalo likitamkwa mbele yangu damu inapanda: "rudi kwenu." Nililisikia utotoni uwanjani, nikamchapa mtu ngumi ya mdomo. Kwetu ni wapi? Baba yake babu alitoka Hadhramaut akauza kahawa kwa kutembeza, akaoa Mzaramo wa Kisarawe, na tangu hapo kila bibi katika ukoo wetu ni mtu wa hapahapa. Mtu akinifukuza nirudi kwetu, nauli yangu ni ya Kisarawe.

Basi binti yangu wa kidato cha tatu alirudi siku moja kutoka shule, akapita mbele ya duka bila kunisalimia. Huyu ni mtoto ambaye shikamoo yake naisikia kabla sijamwona. Nikamfuata uani. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda na sare zake, macho mekundu.

Alinieleza. Shule yao ilikuwa inaandaa mahafali ya kidato cha nne, na darasa lake lilipewa kazi ya kuigiza mazungumzo ya kudai uhuru: meza moja, Gavana na watu wake upande huu, wajumbe wa nchi upande ule. Kila mtu alitaka kuwa mjumbe. Gavana hakutakiwa na yeyote, kwa sababu ya mchezo wao mmoja: anayeigiza mkoloni huzomewa barabarani muhula mzima, "Gavana, rudi kwenu!" Mwaka uliopita kijana aliyepewa nafasi hiyo alizomewa mpaka na wauza mahindi. Basi darasa zima likamgeukia binti yangu. "Wewe si mweupe? Wewe ndo Gavana, ishu imeisha."

"Walikuwa wanacheka tu, baba," akasema. "Hawana ubaya. Ila mie nilitaka kuwa mjumbe."

Hawana ubaya! Nilielewa vizuri sana kwamba hawana ubaya, na ndicho kilichoniuma. Kijana wa mwaka jana alizomewa muhula mmoja, wakasahau. Mwanangu wakianza kumwambia arudi kwao, wataacha lini?

Nilitaka kwenda shule saa ileile. Mke wangu akaniambia shule imefungwa, kwa hiyo nimgombeze mlinzi au nile chakula. Nikala. Baada ya kula binti akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza: babu yangu alikuwa wapi wakati watu wanadai uhuru?

Nikamwambia nilivyosimuliwa na babu mwenyewe. Kadi ya chama cha kudai uhuru hakuwa nayo. Miaka ile watu wa rangi yake hawakuruhusiwa kuingia. Hata kura ilipangwa kwa rangi, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Muasia, na sisi tukatiwa kapu moja na Wahindi. Lakini ua huu tuliokaa ndimo watu wa chama walimofanyia mikutano ya siri. Bibi akiwapikia, babu akibaki mbele dukani kupimia watu unga polepole, ili askari akipita aone foleni tu. Niliwahi kumuuliza kama hakuumia, kulinda mkutano asioruhusiwa kuingia. Alisema aliumia sana, lakini mkutano ulitakiwa ufanyike mahali. Binti aliinuka, akaenda kufua sare.

Kesho yake nilimwachia mke wangu duka, nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaenda shule nikiwa nimepanga maneno makali ya kuwatosha walimu wote na mengine ya kubaki. Mwalimu wa historia alikuwa dada mmoja mpole, kijana kabisa. Alinipeleka darasani, wanafunzi wakasimama, "Shikamooo!" kwa sauti moja. Nikaitikia, nikajisafisha koo.

"Baba," binti yangu akasema, akiwa amesimama nyuma ya dawati lake, "naomba ukae."

Nilikaa. Sijui nilikaaje. Mimi ambaye hata shehe wa msikiti hanikatishi maneno, nilikaa kwenye benchi la mbao, magoti yamenifika kidevuni, nikamsikiliza mtoto wangu.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliwauliza wenzake wajumbe wa nchi walikuwa wanakataa nini pale mezani. Mmoja akasema walikataa kutawaliwa. Mwingine akasema walikataa ule mpango wa kura tatu, wa kupanga watu kwa rangi. "Haya," akasema binti. "Sasa nyie mnataka kuigiza watu waliokataa kupangwa kwa rangi, halafu mie mnanipanga kwa rangi. Hapo mnakuwa nani, wajumbe au Gavana?"

Darasa lilipiga kelele, wengine wakicheka, wengine wakimwambia ameua. Lakini hawakukubali kirahisi. Kijana mmoja mrefu, mtoto wa fundi makochi wa mtaa wa pili, akasimama: "Poa, tumekuelewa. Lakini ukitoka wewe, nani anaingia? Maana mie siingii." Binti akasema wapige kura ya vikaratasi, kila mtu achote nafasi yake, na yeye akiwemo. Wakabishana. Wakasema kama anataka walegeze, na yeye atoe kitu. Alete nini? Mavazi ya Gavana. Binti akanitazama. Darasa zima likanitazama. Nikajikuta nimeahidi koti langu jeupe la harusi, ambalo mke wangu hulitunza kwenye sanduku la nguo na karafuu.

Vikaratasi vikawekwa kwenye kofia. Nilikuwa naomba dua kimoyomoyo, maana ugavana alioukataa ungeweza kumrudia vilevile, na akiupata hana pa kulalamikia. Mkono wake ulipoingia kwenye kofia nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa anacheka: mjumbe. Gavana akawa yule mrefu wa fundi makochi, mweusi tii, akashika kichwa na kulia, "Mamaaa, nimekwisha!"

Nilirudi dukani sijatumia hata neno moja kati ya yale makali. Mke wangu akauliza nimewaambia nini. Nikamwambia mtoto wako ana kichwa, na koti langu la harusi limechukuliwa na serikali ya mkoloni. Kila mteja aliyeingia siku ile alisimuliwa, atake asitake. Majisifu yalinizidi, nakiri, na bado hayajapungua.

Siku ya mahafali turubai lilifungwa uwanjani, na spika zikapigwa mpaka vioo vikatetemeka. Mtaani kwetu sherehe ya shule haina mwalikwa na asiyealikwa. Wakaja wazazi, wakaja bodaboda, wakaja akina mama na vigoda vyao. Tuliketi mstari wa pili, mimi na mke wangu.

Gavana alipoingia, koti langu likiwa limemfika juu ya kiuno na mikono ikiishia kwenye viwiko, watu walianguka kwa kicheko. Alijikaza, akaketi, akakunja uso. Ng'ambo ya meza wakaketi wajumbe watatu. Binti yangu alikuwa wa katikati, amejifunga kanga ya mama yake begani. Ubishi ulikuwa juu ya tarehe ya uhuru. Wajumbe wanataka itajwe leo, Gavana anasema nchi haijakomaa, subirini, barabara hamna, wasomi hamna. Mjumbe wa kwanza akajibu vizuri. Mjumbe wa tatu akasahau kidogo, akakumbuka. Binti yangu akasimama, akaweka mkono mezani.

Hapo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya turubai: "Eti! Huyo Mwarabu kaanzia wapi upande wetu? Ahamie kwa Gavana huko!"

Watu wakacheka, wengi wao kwa mazoea tu. Mimi sikucheka. Niliinuka, mke wangu akadaka kanzu yangu na kunivuta kitini kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Nilimtazama mwanangu. Mdomo ulikuwa wazi na maneno hayatoki. Alikuwa na miaka kumi na sita, amesimama mbele ya mtaa mzima aliozaliwa, na nilijua anachosubiri. Anasubiri kuona kama kuna mtu atampinga yule bwana. Mimi baba yake sikufaa kwa kazi hiyo. Baba kumtetea mwanawe si ushahidi wa chochote.

Gavana angeweza kuruka mbele amalize igizo. Hakuruka. Alimtazama mwenzake, akavuta lile koti langu, akasema maneno yaliyofuata vilevile walivyoyafanyia mazoezi, ila taratibu zaidi: "Na wewe? Nani amekutuma uje hapa kusema kwa niaba ya watu hawa?"

Jibu la binti lilikuwepo, nilikuwa nimelisikia uani kwetu mpaka nikalikariri. Hakulisema. Alisimama, mkono bado uko mezani. Spika zikanguruma peke yake.

Kuna mama mmoja anapika chapati kwenye kona yetu. Hununua unga kwangu kila alfajiri, na kila alfajiri tunagombana: yeye anasema mizani yangu ina dhambi, mimi nasema chapati zake zinaonekana upande wa pili. Sijawahi kumsikia akisema neno jema juu yangu. Aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akafunga kanga vizuri, akamwambia Gavana kwa sauti iliyofika barabarani:

"Sie! Sie ndo tumemtuma!"

Akamgeukia yule bwana wa nyuma. "Na wewe uliyeuliza kaanzia wapi, kaanzia kwangu. Kazaliwa usiku wa mvua, mie nimeshika taa. Una swali lingine?"

Fundi makochi akasimama: "Tumemtuma!" Bodaboda wakapokea, akina mama wakapiga vigelegele, na neno likazunguka turubai lote mpaka mwalimu wa historia akaacha kujaribu kunyamazisha watu. Mke wangu aliniachia kanzu. Nililia, nasema wazi, nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Binti yangu hakulia. Alingoja kelele zipungue, kama mtu mwenye haki ya kungoja. Kisha akavuta kiti, akaketi, akamwinamia Gavana.

"Umewasikia," akasema. "Sasa tutajie tarehe."