Chai ya Waziri

Wanajeshi walipotwaa nchi walilifunga Bunge, lakini waziri wetu wa fedha hakuacha kujibu maswali. Akiulizwa jambo ofisini, hata na mimi karani wake, husimama kwanza, akafunga kifungo cha koti, akakohoa kidogo, halafu akasema, "Nashukuru kwa swali hilo zuri." Vidole vyake vinene hupapasa meza vikitafuta ile gilasi ya maji aliyozoea kuwekewa bungeni. Jana asubuhi Zulaika, mpika chai wetu, alimwuliza, "Mzee, sukari itarudi lini madukani?" Akasimama. "Takwimu za serikali zinaonyesha sukari ipo ya kutosha, na bei yake tumeidhibiti." Akaketi, akakoroga chai yake kwa bidii kama kila siku, ingawa ndani hamkuwa na cha kukorogwa.

Mara kapteni mmoja akaingia bila kupiga hodi, bastola kiunoni. Zulaika akampa kikombe. Akaonja, akakunja uso. "Waziri, sukari iko wapi?" Mzee akasimama, lakini kifungo kilimshinda. Safari hii hakushukuru kwa swali. "Afande," akasema taratibu, "hata mimi nakoroga tu." Kapteni akamkazia macho, akautazama mlango, kisha akachukua kijiko, naye akakoroga.