Boma la Naishiye, Nainokanoka

Niliondoka Arusha kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kikazi: shirika langu lilitaka kujua kama muungano wa afya wa Nainokanoka, kule Ngorongoro, bado unafanya kazi, ili liamue kuendelea kuusaidia au kuacha. Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Nilitaka kumwona Naishiye.

Nilipokuwa muuguzi kijana huko, yeye ndiye aliyenitafsiria Kimaasai. Tulikwenda boma hadi boma tukiwashawishi wajawazito wakajifungulie zahanati. Muungano ulianzia kwenye matembezi yale: akina mama, wazee wa mila na mwinjilisti mmoja walikubaliana kwamba mwanamke akishikwa na uchungu asiachwe peke yake. Kisha nikahamishwa, simu zetu zikawa za nadra, miaka ikapita.

Karatu niliingia jioni, nikalala Ganako kwa kaka yangu Paskali, kwenye nyumba tuliyokulia. Baada ya chakula akaniuliza, "Unakwenda kuwakagua au kuwasalimia?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na salamu," akasema.

Asubuhi, tulipopita lango la hifadhi, gari lilipanda msituni katikati ya ukungu mzito. Ukingoni mwa kreta watalii walikuwa wamesimama na kamera zao, wakingoja waone chochote. Sisi tuliendelea na njia ya Nainokanoka. Nilikuwa nimemnunulia Naishiye khanga, na njiani nikajikuta nikipanga maneno ya kwanza nitakayomwambia.

Nilimwomba dereva tupitie kwake kabla ya kwenda kwenye mkutano wa muungano. Tulipofika, boma halikuwepo. Palibaki duara la samadi kavu lililoanza kuota magugu, na mafiga mahali palipokuwa jiko lake. Nilishuka na khanga yangu mkononi, nikasimama bila kujua niende wapi.

Nooseuri, mwenyekiti wa muungano, aliliona gari akaja taratibu, amejifunga shuka mbili kwa baridi. Ni mama mtu mzima. Wote humwita yeyo, yaani mama.

"Walihama na mifugo yao, kama familia nyingine zinazohamishwa kutoka hifadhini," aliniambia. "Wako mbali, upande wa Tanga."

"Mbona hakuniambia, yeyo?"

"Mwanangu, hata sisi alituaga akiangalia chini."

Mchana tulikutana kwenye chumba cha kanisa. Wajumbe walikuwa wachache kuliko niliowaacha. Niliwauliza nani huwatembelea wajawazito, wanafikaje zahanati, na wapi kazi imelegea. Hawakuficha.

"Wa huku chini tunawafikia," alisema mama mmoja aitwaye Nasieku. "Ila upande wa juu alikuwa nao Naishiye. Sasa mimba za kule tunazisikia zikiwa zimeshafika mwisho. Masika haya mmoja alijifungulia njiani, kwenye mvua. Mama na mtoto ni wazima, lakini tuliogopa sana."

Nooseuri alinitazama. "Utaandika kwamba tumekufa?"

"Nitaandika hayo mliyoniambia, yeyo. Kazi mnayoifanya na pengo lililopo."

Simu yake ikaita. Akatabasamu, akaiweka mezani, sauti ikasikika chumba kizima. Alikuwa Naishiye. Kumbe kila siku ya mkutano hupiga.

"Yule mjamzito wa upande wa juu mliyenitajia mara ya mwisho, amejifungua salama?" aliuliza baada ya salamu.

"Salama. Ni wa kike. Na hapa kuna mgeni, Emiliana."

"Dada Emiliana, uko hapo kweli?"

"Nipo. Nimetoka kwako sasa hivi."

"Umepaonaje?"

Sikuweza kumdanganya. "Magugu yameanza kuota."

"Huku ni joto," alisema polepole. "Asubuhi nikitoka nje naangalia kama kuna ukungu. Hakuna. Leo huko upo?"

"Upo. Tumekuja na taa za gari zikiwaka."

Alicheka kidogo, kisha nikasikia akivuta pumzi. Akasema amepata wenzake wawili huko, wameanza kuwatembelea wajawazito. Wanawake wote chumbani walikuwa wameinama kuielekea simu.

Nilirudi Arusha kesho yake. Khanga nilimwachia Nooseuri, naye akaahidi kuituma na ndugu wa Naishiye watakaokwenda huko. Katika ripoti nilieleza yote, pamoja na yule mama aliyejifungulia njiani, nikaomba apatikane mtu wa upande wa juu na afundishwe. Shirika lilikubali kuendelea, ingawa si kwa kila nilichoomba.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikitathmini kazi kwa kuuliza kama inaendelea. Nainokanoka ilinifundisha kuuliza pia ni nani aliyeondoka, na waliobaki wanaishije bila yeye. Juzi nilimpigia Nooseuri kumuulizia mama mpya waliyempata.

"Anajua kazi, na watu wanamsikiliza," alisema. "Lakini mkutano ukiisha, mwanangu, anakwenda kwake. Naishiye alikuwa anabaki tunapiga soga."