Bawa la Kushoto

Fundi wetu wa mabango hupuliza vidole kabla ya kushika kipanya cha kompyuta, kama anayetaka kuipua sufuria ya moto. Mchoro wa mteja ukiwa umepinda, dawa yake ni moja: anaukata katikati kwenye skrini, anafuta nusu mbovu, ananakili ile nzuri, anaigeuza na kuziunganisha huku akinong'ona, "Tulia, mama, tulia." Wateja huondoka wakichekelea. Hata mimi wa fotokopi, ninayekaa naye meza moja, kazi hiyo naijua kwa macho.

Ila mchana, duka likipoa, hufungua kwenye kompyuta mchoro wa njiwa aliye kwenye bango letu la mlangoni. Marehemu mkewe ndiye aliyemchora kwa chaki, kwenye ukuta wa humu ndani, bawa la kushoto likiwa refu kuliko la kulia. Fundi alimpiga picha, akamkata, akamnyoosha kama kawaida yake, halafu akaupaka ukuta rangi. Ile picha ya kwanza hakuitunza. Sasa huikamata ncha ya bawa, huivuta taratibu, huirudisha, huivuta tena.

"Binti, lilifika hapa?"

"Fundi, mimi nimekuja ukuta ushapakwa."

"Aa, kweli." Anainamisha kichwa. "Lilikaribia swichi ya taa. Alisema vimebaki vidole viwili."

Anainuka, anabandika vidole viwili kando ya swichi, kwenye ukuta mweupe pe. Anavitazama jinsi vilivyo vinene.

"Lakini alipima kwa vyake," anasema.