Mnara Niliouamkia

Niliacha shule darasa la sita, nikaanza kufuata kila kitu nilichosikia kipo. Ndivyo nilivyotoka Gendabi, chini ya Mlima Hanang, nikafika kisiwa kidogo karibu na Tanga kubeba ndoo za chokaa. Tulikuwa tunaupaka upya mnara wa taa wa zamani sana, unaoongoza meli. Ndoo zilikuwa kisingizio tu. Nilitaka kuiona ile taa kwa karibu.

"Wabeba ndoo hawapandi," fundi mkuu alisema. "Funguo anazo mzee mlinzi, na mzee hampandishi mtu."

Kwetu anayeomba jambo zito hung'oa majani, akayashika mkononi, akamwamkia mkubwa kwanza. Nikang'oa majani kando ya ukuta. Mlinzi sikumwona popote, ila mnara wenyewe ulituzidi wote kwa umri. Nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Wenzangu wakaacha brashi wacheke. "Mfugaji anaamkia ukuta," mmoja akasema. "Kesho ataukamua."

"Marahaba," ukuta ukajibu.

Kicheko kikakatika. Juu, kwenye kidirisha, palikuwa na kichwa cha mzee, kofia imemwangukia sikioni. "Miaka yote niko hapa, hakuna aliyeuamkia. Panda, mjukuu wangu. Na majani yako uje nayo."

Mlima wetu nimeupanda nikifuata mbuzi bila shida, lakini ngazi zile za kuzunguka zilinizungusha kichwa hadi nikawa nacheka peke yangu. Taa ilikuwa imezungukwa na vioo vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Uso wangu ulikuwa katika kila kioo, na nyuso zote zilikuwa zinacheka.

"Kwa hiyo meli zikiiona zinakuja kupumzika," nikasema. Kwetu ukiona moto ng'ambo ya mbuga unajua kuna boma na maziwa, unauelekea.

"Zikija zinapasuka. Chini hapo ni miamba. Taa inasema, kaa mbali."

Jambo hilo lilinishinda kumeza peke yangu. Nikampigia bibi, nikaweka spika.

"Wamewasha taa ili wageni wasije?" bibi akauliza. "Ni watu gani hao? Wewe wamekupa chakula?"

"Wamenipa, bibi. Taa ni ya kuwaokoa, wasigonge mawe."

Nilisikia ndama wakilia nyuma yake. "Basi hiyo si taa, ni mbwa. Mbwa wa boma hubweka ili mgeni asimame, aulize njia."

Mzee alicheka hadi akakaa chini.

Wakati huo boti ya wavuvi ilikuwa inaikaribia miamba, na kwa kuwa ulikuwa mchana, taa ilikuwa imelala. Nikatoka nje, kwenye kibaraza kinachoizunguka taa, nikashika chuma cha ukingo, nikabweka. Mzee akaja pembeni yangu, akavua kofia, akabweka pia. Boti ikapinda kuelekea maji ya kina. Sijui kama walitusikia, lakini mmoja wao alitupungia mkono.

Chini fundi mkuu akaniita, chokaa imeisha. Nikambwekea na yeye.