Alichopenda Yoeli

Nakumbuka Jumamosi moja hapa mtaani Komarock, mwanangu, nikiwa bado kijana mwenye hasira za karibu. Nilikuwa nimeketi mlangoni, nimempakata kifungua mimba wangu, Yoeli. Alikuwa na miaka saba, hasemi, hawezi kukaa bila kushikiliwa, na chakula alilishwa kwa kijiko. Jirani yetu Mama Adhiambo, mjane wa mtu wa reli, akasimama akamtazama kwa muda.

"Huyu anapenda nini?" akauliza.

"Mama, huyu hajui kitu." Ndivyo nilivyowajibu wote, ili maswali yaishe.

"Sijakuuliza anajua nini. Nimeuliza anapenda nini."

"Sijui."

"Miaka saba! Sasa wewe ni baba aje?"

Nilikasirika, nikaingia ndani. Lakini lile swali lilinikaa. Niliona aibu kweli, mwanangu: dawa zake zote nilizijua na saa zake, ila mtoto mwenyewe sikumjua.

Sisi ni Wayahudi, familia chache tu tuliotoka Nyandarua, na siku ya Sabato hatufanyi kazi. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa na mchana mzima wa kupeleleza. Nikamnusisha ganda la chungwa, akakunja uso. Nikamimina maharagwe makavu kwenye sufuria. Akaacha kulia, akafungua macho, akangoja. Nikamimina tena. Akangoja tena! Mke wangu akanicheka, akasema nimegeuka mtoto. Nikagundua kwamba vivuli vya nguo za majirani kwenye kamba vilimfurahisha, mradi upepo usiwe mkali. Na nikiimba nyimbo za Sabato, kidevu changu kikiwa utosini pake, alinguruma pamoja nami. Sauti yangu ni mbaya, hata sinagogini wananivumilia tu, lakini yeye aliitaka. Siku ya Sabato hatuandiki, kwa hiyo yote niliyahifadhi kichwani.

Yoeli alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja. Kwetu wafiwa hukaa chini siku saba, na mgeni hafungui mdomo mpaka mfiwa aanze. Wengi walidhani nitasema kwamba amepumzika, au nimepumzika mimi. Nikaanza na maharagwe. Nikasimulia asubuhi, nikasimulia jioni, watu wakicheka huku wanafuta machozi. Siku ya saba waliponiinua, nilikuwa bado sijamaliza.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipewa mtu wa kutunza, usitosheke na kumwosha na kumlisha. Mchunguze, mjaribishe hiki na kile, mtazame usoni. Wala usimsemee kwamba hajui kitu ili watu wakuache. Usipomjua akiwa hai, mwanangu, utalia bila kujua unamlilia nani.

Mungu akupe subira na moyo usiochoka kuuliza, na utakayemtunza akufahamu kwa sauti yako. Amina.